Maswali ya Wasomaji: Beringi ya juu ya pampu ya wima haidumu

SWALI: Pampu yetu ya kisima ni ya wima, mota ya kilowati 75 iko juu na shafti ya milimita 40 inashuka mita 60. Beringi ya juu, namba 7316, inakufa kila baada ya miezi minne, na grisi tunaijaza kila Jumatatu hadi ifurike. Tufunge kubwa zaidi? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Ukubwa usiuguse kwanza. Chukua ile mliyoitoa, ioshe kwa dizeli, uangalie njia ya gololi kwenye ringi ya nje.

7316 hubeba mzigo wa kusukuma upande mmoja tu. Ringi yake ya nje ina bega nene na bega jembamba. Shafti ikivuta chini, bega nene la ringi ya nje ndilo likae chini, kwa sababu gololi zinalala juu yake. Ikigeuzwa inaingia vizuri vilevile, na hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea. Ikiwa iligeuzwa, alama utaikuta ukingoni mwa bega jembamba, chuma kimebanduka. Ukiona vijistari vimepangana kama migongo ya bati, mota inaendeshwa na inveta (kifaa cha kubadilisha kasi ya mota) na umeme unapita kwenye gololi: juu weka beringi yenye kizio, yaani isiyopitisha umeme, na brashi ya kupeleka umeme wa shafti ardhini.

Ringi ikiwa ya bluu na grisi imekauka nyeusi, mmeijaza kupita kiasi. Gololi zikilazimika kuisukuma grisi muda wote, zinaipasha moto hadi mafuta yanachuja na kubaki sabuni, ile inayoifanya grisi iwe nzito. Kipimo cha kujaza mara moja: zidisha kipenyo cha nje cha beringi kwa upana wake, kwa milimita, kisha mara 0.005. Kwa 7316 ni 170 × 39 × 0.005, yaani gramu 33. Piga pampu yenu ya grisi mara kumi juu ya mizani mjue mkupuo mmoja una gramu ngapi. Futa nipo (chuchu ya kuingizia grisi), fungua plagi ya kutolea, ingiza taratibu mota ikizunguka, iache saa moja ndipo ufunge. Muda wa kujaza grisi ulioandikwa kwa mota ya kulala ugawe nusu, maana kwenye shafti ya wima grisi huporomoka. Na msichanganye grisi ya poliurea na ya lithiamu. Mara nyingi huyeyuka na kutiririka.

Haya yakiwa sawa, sasa pima mzigo. Shafti yenu ina karibu kilo 9.9 kwa mita, jumla 590. Ongeza impela (magurudumu ya pampu yanayosukuma maji), rota (sehemu ya mota inayozunguka), na msukumo wa maji: namba ya kilo kwa mita iliyo kwenye karatasi ya pampu, mara mita za kupandisha. Mzigo ukizidi, funga mbili zinazotazama upande mmoja, ila ziwe zile zilizosagwa kwa ajili ya kupangwa pamoja. Mzigo ukiwa maradufu, umri wa beringi hushuka hadi sehemu moja ya nane.

SWALI: Pampu ikiwashwa asubuhi inalia kwa sekunde kadhaa, kisha inatulia. (Msomaji, Kitui)

JIBU: Hizo ni beringi za mpira za shafti, zile za juu ya usawa wa maji. Kilainishi chake ni maji, na usiku zimekauka. Wekeni tangi dogo juu, mfungulie maji yateremke kwenye shafti mpaka zote zilowe, ndipo muwashe.