Kosa la moduli kuimpotiana kwa mzunguko kwenye Flask (fremuweki ya Python ya kutengenezea programu za wavuti)
Umeuliza kwa nini faili zako zinaimpotiana hadi programu inagoma: kosa linatoka kwenye ile app = Flask(__name__) uliyoiweka juu kabisa ya faili. models.py (faili la majedwali ya hifadhidata) inaitaka app, app nayo inaitaka models.py, basi zinazungukana. Ihamishie ndani ya funksheni, create_app(config), iunde app, isajili bluprinti (mafungu ya ruti, yaani anwani za kurasa), kisha iirudishe. db = SQLAlchemy(), yaani kiungo cha hifadhidata, iache nje, tena tupu bila app, kwenye faili lake; ndani ya funksheni ndipo uite db.init_app(app). Hapo ndipo wengi hujikwaa, mimi nikiwemo. Kwenye ruti tumia current_app (inayoelekeza kwenye app inayofanya kazi wakati huo), usiimpoti app tena. Ukija kuandika majaribio utafurahi: unaita create_app kwa mipangilio mingine, unapata app mpya isiyogusa hifadhidata halisi.