Tochi ya kichwani kwa usiku wa kilele: lumeni siyo kila kitu

Wageni wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro huniuliza, na wagumu wenzangu, yaani wapagazi, wanaotafuta tochi yao ya kwanza ya maana huniuliza pia: lumeni ngapi zinatosha? Mimi huanza kwa kuwaambia kwamba lumeni ni jumla tu ya mwanga wote unaotoka kwenye tochi. Haikuambii mwanga huo unaelekea wapi, una rangi gani, wala kama saa kumi alfajiri, baridi ikiwa imeshika, utakuwa umebaki na nguvu yoyote. Nimewaona watu wenye tochi za lumeni nyingi wakijikwaa, huku mwenye tochi ndogo ya mwanga mpana akipita pale pale bila shida.

Fikiria usiku wenyewe. Kwa njia za Machame na Lemosho tunatoka kambi ya Barafu, mita 4,673, kama saa sita usiku, ili tufike Stella Point, mita 5,756, kunakaribia kupambazuka, kisha tusogee hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Wa Marangu wanatoka Kibo, mita 4,720, kuelekea Gilman's Point, mita 5,685. Hiyo ni karibu saa sita au saba za giza, mwendo wa pole pole, kwanza juu ya miamba, halafu kwenye changarawe inayoteleza. Mgeni anahitaji kuona mahali pa kuweka mguu: mita tatu au nne mbele yake, na kidogo kushoto na kulia. Kwa kazi hiyo lumeni 50 hadi 100 zinatosha kabisa, mradi zimetawanyika vizuri na zinadumu. Anayehitaji mwanga wa kufika mbali ni kiongozi wa mbele, naye huuhitaji kwa vipindi vifupi tu, kutafuta njia au kutazama kundi lililo juu yake.

Sasa chukua boksi la tochi ulisome. Kampuni zinazojiheshimu hufuata kiwango cha Marekani kiitwacho ANSI FL1, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2009. Kwa kiwango hicho lumeni hupimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha tochi. Umbali wa mwanga ni pale unapokuwa umefifia hadi laksi 0.25 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali), kama mbalamwezi ya mwezi mpevu. Muda wa kudumu huhesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ulioanza nao. Hapo ndipo wengi wanapoachwa gizani: tochi iliyoanza na lumeni 300 bado inahesabiwa kuwa hai ikiwa imebaki na 30. Pia zile saa nyingi zilizoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni za mwanga wa chini kabisa, siyo za ule mwanga mkali ulioandikwa kando yake.

Namba ya umbali ina siri nzuri. Igawe kwa mbili, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Utapata kandela, yaani ukali wa mwanga katikati ya mwale. Mita 100 ni kandela 2,500. Mita 50 ni 625 tu. Kwa hiyo ukikuta tochi mbili za lumeni 200, moja imeandikwa mita 100 na nyingine mita 50, umeshajua bila hata kuziwasha: ya kwanza imekusanya mwanga katikati, ya pili imeutandaza. Kwa usiku wa kilele mimi nachukua ya pili, au iliyo bora zaidi, yenye taa mbili ndani, moja ya karibu na moja ya mbali, ambazo unaweza kuziwasha pamoja.

Ukiwa nazo mkononi, zipime kwa macho. Nenda chumba chenye giza, simama mita moja kutoka ukuta mweupe, washa moja moja. Mwanga mzuri una katikati iliyokolea kiasi na kingo zinazofifia taratibu. Mbaya una doa kali la katikati, kisha pete ya giza, kisha pete nyingine ya mwanga, au rangi zinazobadilika, njano huku, zambarau kule. Ukutani kasoro hizo huonekana ndogo. Kwenye changarawe, kila unapogeuza kichwa pete zile hutembea juu ya mawe, na macho yaliyochoka hushindwa kutofautisha shimo na kivuli. Baada ya ukuta, toka nje usiku, ukanyage mahali penye mawe na ngazi. Hakuna kipimo kinachoshinda hicho.

Kulinganisha ukali, simu yako inasaidia. Simu nyingi za Android zina kihisi mwanga upande wa mbele, na programu za kupima laksi ni za bure. Usiziamini kwa namba kamili, lakini kwa kulinganisha tochi mbili mahali pamoja zinafaa sana. Elekeza tochi darini, weka simu sakafuni ikiangalia juu, soma namba. Badilisha tochi, soma tena. Hapo unalinganisha jumla ya mwanga. Ukielekeza mwale moja kwa moja kwenye simu iliyo mita moja, unalinganisha ukali wa katikati. Ukitaka kupiga picha za mwale ili umwonyeshe mwenzio, funga mipangilio yote ya kamera, vinginevyo simu itajirekebisha yenyewe na tochi zote zitaonekana sawa.

Mkijaribu hivi ndipo mtakapogundua uongo wa tochi za bei chee zilizoandikwa lumeni 10,000 au 90,000. Hesabu yake si ngumu. Taa nzuri ya LED kwenye tochi hutoa takriban lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati moja. Lumeni 10,000 zingedai wati 70 au zaidi. Betri moja nzuri ya 18650, ile nene kidogo kuliko ya kawaida, hubeba nishati ya kama wati 12 kwa saa moja. Ingekauka ndani ya dakika chache, na tochi ingeunguza paji la uso. Vilevile betri ya aina hiyo iliyoandikwa mAh 9,900 (mAh ni kipimo cha uwezo wa betri) iache dukani. Za kweli kwa kawaida huishia karibu na 3,500.

Rangi ya mwanga ni jambo ninalolipigania kuliko yote, kwa sababu linagusa uhai wa mtu. Tochi nyingi hutoa mweupe unaoelekea buluu, Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6,000 na zaidi, kwa kuwa ndio unaotoa lumeni nyingi. Lakini mwongozaji kazi yake ni kumtazama mgeni usoni. Midomo inayogeuka rangi ya buluu ni mojawapo ya dalili za mapafu kuzidiwa na mwinuko, na mgeni wa namna hiyo hushushwa mara moja. Chini ya mwanga wa buluu kila mdomo unaonekana wa kijivu. Tafuta mweupe wa wastani, karibu Kelvini 4,000 hadi 5,000, na kama boksi linataja CRI, yaani uwezo wa kuonyesha rangi kama zilivyo, chukua ya 90 kwenda juu. Utapoteza lumeni kadhaa; kwa kazi hii sioni hasara. Mwanga mwekundu nao ni mzuri hemani na wakati wa mapumziko, hauwaumizi wenzako macho, ila usiutumie kumkagua mgonjwa. Damu, midomo, hata mistari myekundu ya ramani hupotea humo.

Ukungu ukishuka, au vumbi likitimka mbele yako, mwanga uliopo juu ya macho unarudi machoni na kukujengea ukuta mweupe. Wengi huongeza nguvu, na ukuta unazidi kuwa mnene. Punguza mwanga, vua tochi, ishike mkononi usawa wa kiuno. Hata kusipokuwa na ukungu dawa hii inafaa: mwanga unaotoka karibu na macho huficha vivuli vya mawe, ardhi ikaonekana bapa, lakini ukitokea kiunoni kila jiwe linalala na kivuli chake na unajua lipi limeinuka.

Baridi nayo isipuuzwe. Karibu na kilele nyuzi huweza kushuka chini ya sifuri kwa kumi na zaidi, na betri za kawaida za alkali hulegea vibaya. Betri za lithiamu zisizochajiwa huvumilia, na ni nyepesi. Za kuchaji pia hufanya kazi ukizitunza ndani ya koti karibu na mwili, ila usizichaji zikiwa zimeganda. Kabla ya safari fanya hivi: weka tochi ndani ya friza kwa saa moja, iwashe humo kwa mwanga utakaotumia, kisha ipime kwa simu kila nusu saa. Kuna tochi zinazoshikilia mwanga ule ule mpaka karibu na mwisho, na kuna zinazoteremka tangu dakika ya kwanza. Boksi halikuambii, friza itakuambia.

Kuhusu tochi ndogo zenyewe, nataja tatu za kampuni ya Petzl: Bindi ina gramu 35 na lumeni 200, ni nyepesi mno, lakini betri yake imejengewa ndani, ikiisha imeisha. Naipendekeza kwa mwenye benki ya umeme (power bank) tu. Actik Core hutumia betri yake ya kuchaji au tatu za AAA, zile ndogo nyembamba, na huo uhuru una thamani mlimani. Kwa akiba, e+LITE ya gramu 26 inakaa mfukoni bila kuhisiwa. Lumeni zake 50 zinatosha kukushusha salama.

Kwa mgumu anayenunua kwa fedha yake, asifuate majina. Atafute ya AAA tatu, kwa sababu kambini hatuna pa kuchaji na betri hizo zinapatikana Moshi yote, mwanga mpana, mkanda unaobana juu ya kofia ya sufi, kitufe kinachobonyezeka ukiwa na glavu, na kinachoweza kufungwa tochi isijiwashe ndani ya mzigo. Kinga ya maji iwe angalau IPX4, maana mvua ya msituni haibagui. Na wageni mnaotaka kuacha zawadi mwisho wa safari, tochi ya namna hii pamoja na seti mbili za betri itatumika usiku ule ule wa kundi linalofuata.