Longyearbyen hawaulizi viza, lakini uliza wewe mengine

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka hapa Tromsø, kaskazini mwa Norway. Sisi wazima, na natumaini nanyi hapo Tanga hamjambo. Umeniuliza kama ni kweli Svalbard, vile visiwa vya Norway karibu na Ncha ya Kaskazini, mtu haombi viza wala kibali cha kazi, na kama mimi niliyefika Longyearbyen, mji wao mkuu, ningekushauri uchukue ile kazi ya hoteli uliyoambiwa. La kwanza ni kweli. La pili lina maneno, kaa usome taratibu.

Mkataba wa Svalbard wa mwaka 1920 uliwapa Norway mamlaka juu ya visiwa vile, ila raia wa nchi zilizotia saini wakapewa haki sawa ya kwenda kuchuma. Norway nao hawabagui taifa. Yeyote anaweza kuishi, mradi ajitegemee. Ndiyo maana mji ule wa watu kama 2,500, kwenye nyuzi 78 kaskazini, umejaa Wathai na Wafilipino wanaofanya usafi, wanaopika na wanaouza dukani. Lakini ndege za huko hupitia Oslo au hapa Tromsø, na hapa ni Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, huko siyo. Kwa hiyo pasipoti yetu inataka viza ya Schengen, tena ya kuingia mara mbili, maana ukishakwenda Svalbard umetoka, na siku ya kurudi nyumbani unaingia upya. Wanaopiga debe la "hakuna viza" hilo hawalisemi.

Mimi nilikwenda Machi na mwenzangu wa kazini, tukaikuta sherehe ya jua. Kuanzia mwisho wa Oktoba jua huwa halichomozi kabisa, na katikati ya Novemba hadi mwisho wa Januari hata weupe wa alfajiri huuoni. Saa sita mchana nyota zipo juu. Jua likirudi, milima inalizuia bado, mpaka tarehe 8 Machi linapogusa ngazi za hospitali ya zamani. Mji mzima unakusanyika pale kulingoja, watoto wamepakwa rangi ya manjano usoni. Halafu kuanzia Aprili hadi Agosti halizami tena. Sisi hapa Tromsø jua lisipozama Ramadhani tunafunga kwa saa za Makka, na wewe itakubidi ujue utafuata saa za wapi. Msikiti sikuuona.

Hoteli nyingi na hata jumba la makumbusho utavua viatu mlangoni, utembee na soksi. Desturi hiyo waliiacha wachimbaji, waliokuwa wakirudi wamejaa vumbi la makaa ya mawe. Mji wenyewe ulianzishwa na Mmarekani, John Munro Longyear, mwaka 1906 kwa ajili ya makaa hayo, na mgodi wa mwisho wa Wanorway umefungwa 2025. Sasa mji unaishi kwa utalii na utafiti. Wakazi bia na pombe kali wanapimiwa kwa kadi. Mvinyo ukaachwa huru, na wenyeji wanacheka kwamba ndio waliokuwa wakinywa mabosi. Hayo hayakuhusu. Linalokuhusu ni kwamba ukitoka nje ya mji lazima uwe na kitu cha kumfukuza dubu mweupe, na wengi hubeba bunduki. Dukani mlangoni kuna alama ya kukukataza kuingia nayo.

Umesikia pia kwamba kufa ni marufuku. Huo ni uzushi uliokuzwa. Ukweli ni kwamba jeneza halizikwi, maana ardhi imeganda mwaka mzima, maiti haiozi vizuri na barafu huisukuma juu. Vijana 7 waliokufa kwa mafua makubwa ya 1918 wamelala pale, na mwaka 1998 wataalamu walikwenda kuwachimbua ili wakitafute kirusi. Wajawazito nao hupelekwa Norway bara wiki chache kabla ya kujifungua, kwa sababu hospitali ni ndogo. Wazee wa kutunzwa hakuna. Anayeugua sana au kuishiwa nguvu huondoka. Mimi ninayelea wazee kila siku, hilo lilinishika kuliko baridi.

Sasa kazi. Kodi ya mapato ni ndogo kuliko bara, na VAT hakuna, kwa hiyo mshahara unauona. Lakini nyumba nyingi ni za waajiri: kazi ikiisha, na chumba kimeisha. Hakuna ustawi wa jamii wa kukushika, na gavana ana uwezo wa kumwondoa asiyeweza kujikimu. Miaka utakayokaa kule haihesabiwi ukija kuomba ukaazi wa kudumu Norway. Na tangu 2022 mgeni hapigi kura ya baraza la mji mpaka awe ameishi bara miaka 3, hata kama ameufagia mji huo miaka 10.

Nje kidogo ya mji, mlimani, kuna ghala la mbegu za dunia. Lilifunguliwa Februari 2008, na sanduku la kwanza aliliingiza Wangari Maathai wetu pamoja na waziri mkuu wa Norway. Watalii hawaingii, tuliuona mlango tu. Nikamwambia mwenzangu, mbegu zina uhakika wa makazi hapa kuliko wafanyakazi. Naye akanijibu kwamba hata milima haiaminiki siku hizi: Desemba 2015 theluji iliporomoka ikavunja nyumba 11 na kuua watu wawili, na baadaye nyumba nyingi za upande ule zikabomolewa.

Kwa hiyo sikukatazi. Ukiwa kijana, mzima, na unataka kukusanya pesa ya mtaji miaka miwili mitatu, nenda. Ukidhani ndiyo njia ya kuhamia Ulaya, hapana, siyo. Kabla ya kukubali, mwajiri akuandikie: chumba ni cha nani na makato yake ni kiasi gani, tiketi ya kurudi ni juu ya nani, na ukiumwa nani anakulipia bima. Asipotaka kuandika, mwache. Akiandika, usitie saini. Nitumie kwanza nakala. Kuna dada mmoja hapa anayesoma Kinorway cha mikataba vizuri kuliko mimi, nimeshamwomba. Na koti usinunue huko, ninalo la ziada.

Mama yako