Punda Aliyekulia Machakani na Safari ya Kuzunguka Kisiwa cha Lamu

SWALI: Nimenunua punda dume wa miaka 6, aliyekwisha kuhasiwa, ambaye tangu utotoni alikuwa akizurura machakani upande wa bara bila mwenyewe. Baada ya miezi 5 ninakusudia kumpanda kutoka mjini Lamu, nipitie Matondoni na Kipungani, kisha nirudi kwa njia ya ufuo wa Shela, ili kuchangisha fedha za kuezeka upya madrasa ya mtaa wetu. Kamba ameikubali, lakini akiingizwa kichochoroni husimama kama jiwe. Je, nitumie bakora?

JIBU: Bakora iweke kando. Farasi akiogopa hukimbia, ilhali punda aghalabu husimama kwanza akapima mambo. Watu wakaita ubishi, na methali ya shukrani ya punda ikazidi kumchafulia jina. Ukimpiga pale aliposimama, unamthibitishia kwamba kichochoro kile kina hatari kweli.

Mwingize alfajiri, kabla ya mikokoteni na bodaboda, akitanguliwa na punda mzoefu aliyekwisha kumzoea. Akisimama, kaza kamba kidogo tu na usubiri. Mara anapoinua mguu mmoja mbele, ilegeze papo hapo, kwa kuwa kulegezwa huko ndiko kunakomfunza. Miezi 2 ya mwanzo iwe ya kutembea naye kwa miguu na kumzoeza kushikwa kwato, ambazo hukatwa kila baada ya wiki 6 hadi 10. Tandiko lisiguse uti wa mgongo, na mpandaji asizidi kilo 50 au karibu na hapo. Ukizidi uzito huo, mtafute kijana mwepesi apande badala yako.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba punda huficha uchovu na maumivu, hata asiyemjua akadhani ametulia. Kwa hiyo jifunze kuhesabu mapigo ya moyo wake kwenye mshipa upitao chini ya taya: akiwa amepumzika huwa kati ya 36 na 52 kwa dakika. Katika mashindano ya kimataifa ya farasi wa masafa marefu kikomo baada ya mapumziko ni mapigo 64, nami humtumia punda kipimo hicho hicho: ikiwa baada ya dakika 15 kivulini bado amekizidi, mazoezi ya siku hiyo yamekwisha. Akikataa chakula siku nzima, usingoje kesho. Mafuta hufurika katika damu yake, na hali hiyo huweza kumuua.

Mchanga mkavu humchosha kuliko njia ngumu, basi panga safari kwa kufuata maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hukupwa sana kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na ufuo hubaki mgumu. Ondokeni baada tu ya sala ya alfajiri, mmalize sehemu ya ndani ya kisiwa kungali na ubaridi, na sehemu ndefu ya ufuoni ushuke utembee naye.

Kabla ya yote hayo mpeleke kwenye zahanati ya punda iliyofunguliwa mjini mwaka 1987 na shirika la The Donkey Sanctuary, akaguliwe meno na minyoo. Uliza pia chanjo ya pepopunda, ugonjwa ambao kwa punda haukupewa jina hilo bure. Dozi 2 za mwanzo hupishana wiki 4 hadi 6, hivyo anza wiki hii.