Kabla hujawapandisha watoto botini kwenda kumwona potwe

Juzi dada mmoja wa Morogoro kaniandikia. Ana watoto watatu, likizo ya Desemba anataka wakaone potwe, wale papa wakubwa wa baharini, mumewe anasema huko ni kuchezea hela. "Kaka, wewe ulifanyaje?" Nilimjibu kwa kifupi, kisha usingizi ukanipaa, kwa sababu maneno hayo ya mumewe na mimi nimeambiwa.

Mwaka juzi nilianza vibaya. Tulikwenda Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kuwaona pomboo. Boti nilichagua kwa bei, sikuuliza kingine chochote. Tulipowafikia, boti nyingine zilishawazunguka, na nahodha wetu akaongeza moto ili awakate mbele. "Rukeni, rukeni sasa!" Binti yangu, miaka minane, akaruka. Pomboo wakazama, yeye akabaki katikati ya mawimbi ya mashine, maji ya chumvi kooni, ananiita. Mdogo wake alikuwa ametapika mpaka hana cha kutapika. Nilipowaeleza ndugu kwenye kundi letu la familia, shemeji aliandika: "Samaki si wapo sokoni Feri, tena bei poa?" Wote wakacheka. Liliniuma, na mpaka leo linaniuma.

Mwaka jana tukaenda kisiwani Mafia. Ndege ndogo zipo kutoka Dar, ila sisi tulipita Kibiti hadi Nyamisati, tukapanda kivuko hadi Kilindoni. Njiani hakuna la kusimulia. Papa potwe huonekana humo humo karibu na Kilindoni, upande unaotazama delta ya Rufiji, wakifuata uduvi na dagaa. Msimu wao mzuri huanza Oktoba, huenda mpaka Februari au Machi. Wavuvi wa dagaa ndio wanaowajua, maana hukutana nao kwenye nyavu zao.

Safari hii kabla ya bei nilimuuliza nahodha: ukimwona potwe, unafanyaje? Akasema, "Nazima mashine nikiwa mbali, mnashuka taratibu pembeni, yeye anapita zake. Hakuna kumgusa, na mkia wake mnakaa nao mbali." Nikalipa palepale.

Tulitoka asubuhi, bahari imelala. Tukangoja. Mama mkwe wangu amejifunika mtandio, anatafuna tangawizi. Kijana wangu akaanza, "Baba, haji." Mara pezi, halafu kivuli kirefu kuliko boti yetu. Nilishuka na binti yangu, kucha zake zimezama kwenye mkono wangu, kwa sababu mambo ya Kizimkazi hakuwa ameyasahau. Potwe alikuja mdomo wazi, mpana kama sufuria ya shughuli, anachuja maji. Mgongo wote madoa meupe, yamepangwa kama kanga, na kila potwe ana mpango wake, ndivyo watafiti wanavyowatofautisha. Chini ya tumbo samaki wawili wadogo, chazo, wamejibandika. Jicho dogo sana kwa mwili ule. Alipita. Kucha zikalegea, kisha binti yangu akauachia mkono wangu kabisa, akaogelea mwenyewe. Juu botini bibi yake alikuwa anasema "Subhanallah" bila kukoma.

Wazazi wenzangu, tumezaliwa kando ya bahari hii, na watoto wetu wanamjua simba wa kwenye televisheni kuliko potwe wa Mafia. Wageni wanavuka mabara kumfuata. Sisi tunasema ni anasa, halafu hela hiyohiyo tunaimalizia kwenye sare za harusi. Kama huna, usikope, weka kidogo kidogo. Lakini usiache kwa kuogopa kuchekwa.

Basi dada yangu, muulize nahodha kwanza. Hoteli yoyote safi itakutosha. Nahodha mbaya atakuharibia kila kitu. Toka asubuhi kabla upepo haujaamka. Jaketi la kuokolea umvalishe mtoto mkiwa bado ufukweni, ulivute mabegani uone kama linampanda shingoni. Tangawizi usisahau. Na nahodha, narudia, muulize anazimia mashine wapi. Akikuahidi kwamba atamkimbiza potwe mpaka ampate, shuka, tafuta mwingine.

Shemeji nilimtumia video. Hakuandika kitu. Wiki mbili baadaye mke wake akanipigia simu kuuliza nauli ya kivuko. Sisi tunarudi Novemba; mama mkwe ameshaanza kujaza kibubu chake, na safari hii anasema atashuka majini.