Kuchonga intek manifodi ya 4A: nilichopata na kilichonitokea puani

Mkuu umeuliza ukiikata mikono ya intek manifodi (ile mirija inayogawa hewa kwa kila silinda) ya Corolla yako iwe mifupi kama ulivyoona kwenye video, gari itavuta zaidi? Mimi niko Mtwara, nina Corolla AE111, injini 4A-FE ile ya cc 1587, na manifodi yake nimeishusha mara mbili. Kukata usikate.

Iko hivi. Valvu ya hewa ikijifunga, hewa iliyokuwa inakimbilia ndani inajigonga, linatoka wimbi linarudi nyuma mpaka kwenye kile chumba kikubwa cha manifodi halafu linageuza kuja tena, sasa likifika likakuta valvu imefunguka umepata hewa ya nyongeza ya bure. Mkono mrefu unakupa hiyo kwenye rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) za chini, mfupi kwenye rpm za juu. Ukifupisha umeihamisha nguvu kuipeleka kule juu ambako kemshafti ya kawaida ya 4A-FE yenyewe pumzi imeshaanza kukata, huku chini unakoendeshea kila siku umejipunja. Toyota wenyewe kwenye injini za 4A-GE za mwanzo waliweka kitu kinaitwa T-VIS, kila silinda ina njia mbili za hewa na moja inafungwa na kipepeo (kisahani kinachojigeuza) mpaka rpm ipite 4,000 na ushee ndo inaachiwa, ili huku chini hewa ipite kwa kasi. Njia pana ingekuwa dili muda wote wasingehangaika. Wewe unapanda Newala kutokea Masasi na magunia ya korosho nyuma, rpm 6,000 unaenda kuitumia wapi?

Mimi nilichonga mdomo tu (na sisi Wamakonde kwenye kuchonga hatujambo, ila mpingo hauna gasketi aisee). Nilipaka maka peni mdomo wa manifodi, nikaweka gasketi mpya juu yake, nikaishikiza na bolti mbili, nikachora kwa msumari kufuata matundu. Chuma kilikuwa kimeingia ndani ya mstari kama milimita 1 hadi 2, tena sio sawasawa, silinda ya tatu ndo ilizidi upande mmoja. Hiyo ngazi nikaila na grainda ndogo, nikashuka ndani kama sentimita 3 nikiififisha taratibu. Hapa kuwa makini, tundu la manifodi lisije likazidi la hedi (kichwa cha injini, inapofungwa manifodi) maana hewa itakuja kugonga ukuta, bora hata ungeiacha ndogo. Na usiing'arishe kama kioo, nozeli inamwaga petroli hapo hapo jirani, ukuta ukiwa laini mno petroli inatambaa badala ya kuchanganyika na hewa. Msasa namba 80, basi.

Sasa puani. Huku kwetu na hii chumvi ya bahari bolti za chuma zinang'ang'ania kwenye aluminiamu, mara ya kwanza nilikurupuka na spana, bolti moja ikakatikia ndani ya hedi, siku mbili gari imelala fundi anaitoboa. Mara ya pili nikalowesha na dawa ya kutu usiku kucha, zikatoka zenyewe. Halafu ubahili, ile mara ya kwanza nikarudishia gasketi ya zamani, kuwasha sailensi (rpm gari ikiwa imesimama bila kukanyaga mafuta) iko 1,500 haishuki. Nikachukua sprei ya kusafishia kabureta napuliza kidogo kidogo kuzunguka maungio, kufika silinda ya nne mlio ukabadilika, hewa inaingilia hapo. 4A yangu inasoma presha ya ndani ya manifodi kwa hiyo hewa ya wizi inapewa petroli yake na sailensi inapanda, ila zile zenye sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia mlangoni) kama Toyota IST yenye injini ya 1NZ hewa hiyo haihesabiwi, petroli inakuwa pungufu, gari inamisi na taa ya chek injini inakuletea kodi P0171 (petroli pungufu). Na nyie wa IST manifodi yenu ni plastiki, ndani tayari ni laini, grainda msiipeleke kabisa.

Faida? Ndogo mzee. Kuanzia rpm 4,000 nasikia inafunguka vizuri kidogo, chini iko vilevile, na siwezi kukuapia sio kwa sababu siku hiyohiyo nilisafisha throto bodi (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) iliyojaa masizi na kuweka kichungi kipya cha hewa. Anza na hivyo viwili, inawezekana hamu ya grainda ikaisha. Kile kichungi cha koni kinachokaa wazi achana nacho, kwa joto letu hili kinanyonya hewa ya moto ya kwenye boneti, kelele unapata nguvu hupati.

Ukiamua kufungua, ziba matundu ya hedi kabla unga wa aluminiamu haujaruka. Mimi nilichana fulana vipande vinne. Kuvitoa nikahesabu vitatu, jasho likanitoka, tochi mdomoni nachungulia silinda moja moja kama dakika kumi, kumbe cha nne nimekichomeka mfuko wa nyuma wa suruali.