Mtoto wa miaka 2 anafunua kurasa za kitabu cha wadudu kabla hujamaliza kumsomea

Huo si utundu, ndugu. Maneno ya kitabu chako cha wadudu yamezidi subira yake. Achana na maandishi, soma picha. Mpakate ili mtazame upande mmoja, taja kitu kimoja tu kwa kila ukurasa: "Kiwavi anakula jani." Halafu nyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi 5. Hapo ndipo wazazi wengi huharibu, hujibu wenyewe kabla mtoto hajanyoosha kidole. Tafuta kitabu chenye kurasa za kadibodi, maana karatasi nyembamba hufunuka tatu tatu. Dakika 5 zinatosha, akishuka, mwache. Baadaye tokeni nje mtafute jani lenye matundu, mlilinganishe na la kitabuni. Na ukikuta buibui kachorwa na miguu 6, sahihisha: anayo 8.